Tarakilishi Inapokataa Sasisho: Kiswahili Kina Majina, Kinadai Maelezo

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii ilizaliwa katika mazingira ya nyumba za udongo na fito, lakini katika zama hizi imepata makao mapya ndani ya tarakilishi. Mfumo endeshi wa tarakilishi, hususan Windows ambao umetapakaa katika ofisi, maabara na vyumba vya wanafunzi, ni mithili ya jengo kubwa lisilokosa nyufa. Kila Jumanne ya pili ya mwezi, kampuni ya Microsoft hutoa viraka vya kuziba nyufa zilizogunduliwa. Viraka hivyo ndivyo viitwavyo masasisho. Sasisho likikataa kuingia, ufa hubaki wazi, na anayejua ulipo ufa huo si mwenye nyumba peke yake bali pia mwizi.

Aghalabu suala hili huachiwa wahandisi na mafundi, kana kwamba halimhusu mtu wa lugha. Msimamo unaotetewa katika makala haya ni tofauti. Kushindwa kuitengeneza tarakilishi iliyokataa sasisho si tatizo la ufundi tu. Kwa kiasi kikubwa ni tatizo la usomaji na la matumizi ya lugha. Kiswahili kimekwisha kujipatia majina ya vitu vingi vya tarakilishi, lakini hakijaandikiwa vya kutosha maelezo ya namna ya kuvitumia na kuvitengeneza vitu hivyo. Kazi ya kuliziba pengo hilo ni ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote.

Gharama ya ufa ulioachwa

Ili kuona uzito wa jambo hili, inafaa kukumbuka yaliyotokea mwaka 2017. Tarehe 14 Machi mwaka huo, Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa mmoja katika Windows. Takriban miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei, programu haramu iliyojulikana kama WannaCry ilipitia katika ufa uo huo na kuenea katika nchi zaidi ya 150. Ilizifunga faili za watu na kudai fidia ili izifungue. Hospitali za huduma ya afya ya umma nchini Uingereza zilikuwa miongoni mwa walioathirika, na wagonjwa wakaahirishiwa miadi na matibabu. Dawa ilikuwapo kwa wiki nane. Tarakilishi nyingi zilizodhurika ni zile ambazo sasisho hilo halikuwa limeingia.

Katika mazingira ya chuo, hasara haina makeke kama hayo, ila uchungu wake haupungui. Mwanafunzi wa uzamili mwenye tasnifu iliyokaribia kukamilika huona ujumbe kwenye skrini kwamba sasisho limeshindikana. Huupuuza mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hatimaye tarakilishi huanza kusuasua, naye huipeleka kwa fundi na kusema neno moja tu: "Imekataa." Fundi naye, ambaye ana foleni ya wateja na hana maelezo mengine ya kutegemea, huchagua njia iliyo nyepesi kwake, yaani kufomati diski na kuweka mfumo mpya. Asipoulizwa kuhusu nakala ya akiba, tasnifu huenda na maji. Yamkini kazi ya miaka miwili ikapotea kwa sababu ya hitilafu ambayo ingeondolewa kwa kufuta faili chache zisizohitajika.

Yanayofichwa na neno "imekataa"

Neno "imekataa" linastahili kuchunguzwa, kwa kuwa ndiko tatizo la lugha linakoanzia. Katika mazungumzo ya kila siku, gari lisilowaka limekataa, mlango usiofunguka umekataa na tarakilishi isiyopokea sasisho nayo imekataa. Ni neno tamu na lenye picha, kwani hukipa kifaa hiari na ukaidi wa binadamu. Hata hivyo, humwambia msikilizaji kuwa jambo halikufanyika bila kumweleza lilikwama wapi.

Ilhali sasisho hupitia hatua zinazotofautiana waziwazi. Kwanza, tarakilishi hutafuta kupitia mtandao kama kuna sasisho jipya. Pili, hulipakua, yaani hulishusha kutoka mtandaoni na kulihifadhi katika diski. Tatu, hulisakinisha. Nne, huzimwa na kuwashwa upya ili mabadiliko yakamilike. Hitilafu ya kila hatua ina chanzo chake na tiba yake. Kutofaulu kutafuta aghalabu hutokana na mtandao au saa mbovu. Kutofaulu kupakua huweza kutokana na bando lililokwisha au diski iliyojaa. Kutofaulu kusakinisha mara nyingi huashiria faili zilizoharibika.

Jambo la kutia moyo ni kwamba Kiswahili kinayo maneno ya kuzitenganisha hatua hizo, tena maneno yenye mantiki ya ndani. Kitenzi "sasisha" kinatokana na "sasa". Kusasisha ni kukifanya kitu kiwe cha sasa. Kitenzi "sakinisha" nacho kinatokana na "sakini", yaani kukaa au kuishi mahali. Kusakinisha ni kuipa programu makao. Mtu aliyeyaelewa maneno haya mawili ameelewa kwamba sasisho huweza kufika nyumbani pasipo kupewa chumba. Badala ya kusema "imekataa", huweza kusema: "Sasisho limepakuliwa likatimia, ila halisakiniki." Sentensi hiyo moja humpunguzia fundi nusu ya kazi.

Utengenezaji kama usomaji

Hatua za kuitengeneza tarakilishi ya namna hii si siri ya wachache. Zikitazamwa vyema, zinafanana na kazi ya mhakiki mbele ya matini: kusoma kilichoandikwa, kukisia maana, kisha kuijaribu dhana iliyo nyepesi kabla ya ile nzito.

La awali kabisa ni kuhifadhi nakala ya kazi zote muhimu katika flashi au diski ya nje. Baada ya hapo, mtumiaji huifungua historia ya masasisho katika mipangilio ya Windows. Humo huandikwa jina la kila sasisho, nambari yake inayoanza kwa herufi KB, na likishindikana huandikwa msimbo wa hitilafu. Msimbo huo huonekana kama mkorogo wa tarakimu na herufi, lakini una maana. Msimbo 0x80070070, kwa mfano, husema kwamba nafasi katika diski haitoshi. Msimbo 0x80073712 hudokeza kwamba ghala la vijenzi vya mfumo limeharibika. Mtu akiunakili msimbo neno kwa neno kabla ya kugusa kitu kingine chochote, amekwisha kuacha kubahatisha.

Hufuata mambo mepesi ambayo, kwa wepesi wake, hudharauliwa. Tarakilishi izimwe na kuwashwa upya, maana huenda inangoja kukamilisha sasisho la awali. Vifaa vya nje visivyohitajika vichomolewe. Saa na tarehe zikaguliwe. Hili la saa huwashangaza wengi, ila sababu yake ni bayana: mawasiliano salama ya mtandaoni hutegemea hati za uthibitisho zenye tarehe ya kuanza na ya kukoma kutumika. Katika tarakilishi kuukuu, betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao mkuu hufa, na kila umeme unapokatika kalenda hurudi nyuma miaka mingi. Mashine inayodhani kwamba ingali katika mwaka uliokwisha kupita huzikataa hati halali kwa kuwa inaziona bado hazijaanza kutumika. Betri hiyo ndogo huweza kuwa ndiyo tiba nzima.

Kuna pia suala la bando. Windows humruhusu mtumiaji kuutambulisha mtandao kuwa ni wa kulipia kwa kipimo. Ukitambulishwa hivyo, masasisho mengi hayapakuliwi yenyewe. Kwa mwanafunzi anayetumia intaneti ya simu, mpangilio huo ni wa busara, ila humaanisha kuwa tarakilishi yake haijakataa lolote. Inatii amri aliyoisahau. Dawa ni kuipeleka mahali penye mtandao usiopimwa, au kulipakua sasisho kwa nambari yake ya KB kutoka katika katalogi ya masasisho ya Microsoft kwa kutumia mashine nyingine, kisha kulileta kwa flashi. Sharti sasisho hilo lilingane na toleo la Windows na aina ya mashine.

Mambo hayo yakishindikana, ndipo mtumiaji huingia katika tiba nzito zaidi. Huanza kwa kisuluhishi cha matatizo kilichomo ndani ya Windows. Kisipofaulu, husimamisha huduma zinazoendesha masasisho, hulibadilisha jina kabrasha liitwalo SoftwareDistribution, kisha huziwasha huduma hizo tena. Windows hujiundia kabrasha jipya na kuanza kupakua upya, bila kubeba faili mbovu za awali. Orodha ya historia ya masasisho hupotea, lakini kazi za mtumiaji haziguswi. Ikibidi, hutumia amri ya DISM kurekebisha ghala la vijenzi vya mfumo, na baada yake amri ya sfc kurekebisha faili za mfumo kwa kuchota kutoka katika ghala hilo. Utaratibu huo una sababu, kwa maana hapana faida ya kuchota maji safi kutoka katika mtungi ambao haujasafishwa. Amri hizi huchukua muda, na asilimia inayoonyeshwa huweza kusimama mahali pamoja kwa dakika nyingi. Asiyeambiwa hilo hukata tamaa na kuizima mashine katikati ya matibabu.

Ujumbe unapopotosha

Haitakuwa haki, hata hivyo, kumtwika mtumiaji lawama zote. Wakati mwingine hitilafu imo katika ujumbe wenyewe. Tarehe 9 Januari 2024, Microsoft ilitoa sasisho KB5034441 kwa watumiaji wa Windows 10. Katika tarakilishi nyingi lilishindikana kwa msimbo 0x80070643, ambao husema tu kwamba usakinishaji umeshindwa. Chanzo chenyewe kilikuwa kingine kabisa: sehemu ya diski iliyotengwa kwa ajili ya kuokoa mfumo ilikuwa ndogo mno, nayo ilihitaji megabaiti 250 za nafasi huru. Kampuni yenyewe ilikiri kwamba msimbo ulioonyeshwa haukuwa sahihi. Watu walihangaika kufuta picha na video ili wapate nafasi, kumbe nafasi iliyohitajika ilikuwa katika chumba wasichokiona. Tiba ilikuwa kuipanua sehemu hiyo kwa mkono, kazi ambayo si ya mtumiaji wa kawaida.

Kisa hiki kina funzo kwa mwanafunzi wa isimu. Ujumbe wa hitilafu ni usemi wenye mwandishi, hadhira na dhamira. Usemi huo huweza kuwa kweli kisarufi na bado ukashindwa kuwasiliana. Uchanganuzi wa usemi, ambao wanafunzi huufanyia mazoezi katika hotuba za wanasiasa na matangazo ya biashara, haujachoka hata ushindwe kuutazama ujumbe unaosomwa na mamilioni ya watu kila mwezi wakiwa na wasiwasi mioyoni.

Istilahi bila nathari

Historia ya Kiswahili katika tarakilishi si ya kubezwa. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizofasiriwa kwa Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya kiolesura cha Kiswahili kwa matoleo kadhaa ya Windows, na kile cha Windows 10 kilisajiliwa kuwa Kiswahili cha Kenya. Wataalamu waliketi, wakajadili na kuunda istilahi kwa mamia. Jitihada hizo zinastahili pongezi.

Lakini vifurushi vya namna hiyo hufasiri sehemu zinazotumiwa sana, na zilizobaki husalia katika lugha ya msingi ya mfumo. Matokeo yake ni kwamba Kiswahili humsindikiza mtumiaji wakati wa raha, yaani wakati wa kufungua faili, kuchapa na kuhifadhi, kisha humwacha mlangoni wakati wa shida. Anapotafuta maelezo marefu ya namna ya kujitoa, huyakuta kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Kwa Kiswahili hukuta orodha ya maneno. Orodha ya maneno haijawahi kutengeneza mashine. Kinachotengeneza mashine ni sentensi: fanya hili kabla ya lile, ukiona hivi acha, usipoona hivyo endelea.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba msomi wa Kenya amefunzwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, kwa hivyo haoni taabu ya kusoma maelezo hayo. Hoja hii humsahau karani wa ofisi ya chifu, mwenye saiba katika kituo cha biashara na mwalimu wa shule ya mashambani. Katiba ya mwaka 2010 iliposema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza, haikusema kwamba urasmi huo ukome pale tarakilishi inapoharibika. Isitoshe, hata msomi anayesoma ujumbe kwa Kiingereza humweleza fundi tatizo lake kwa Kiswahili, na hapo ndipo maelezo yote hufinywa yakawa "imekataa".

Wengine hudai kwamba istilahi hazijakubalika: huku ni tarakilishi, kule ni ngamizi, na kwingineko ni kompyuta. Dai hili ni la kweli, ila limegeuzwa kichwa chini. Istilahi haisubiri kukubalika ndipo itumike. Hutumika ndipo ikakubalika. Neno lililomo katika maelezo yanayosaidia watu hubaki, na lililomo katika faharasa isiyofunguliwa hufa likiwa sanifu.

Wapo pia wanaoyaogopa masasisho yenyewe, na woga wao una msingi. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la programu ya usalama ya kampuni ya CrowdStrike liliziangusha tarakilishi za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, na safari za ndege zikavurugika duniani. Hata hivyo, tukio hilo linafunza haja ya kuweka nakala ya akiba na ya kujua njia ya kurudi salama. Halifunzi kuacha milango wazi mwaka mzima.

Hoja iliyo nzito zaidi ni kwamba teknolojia hubadilika haraka, na maelezo yaliyoandikwa leo huchakaa kesho. Ni kweli kwamba Windows 10 ilifikia kikomo cha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na masasisho ya nyongeza kwa waliojiandikisha yakapangiwa kufika Oktoba 2026. Tena tarakilishi nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11 kwa sababu hazina kijenzi cha usalama kinachohitajika, na huko kukataa si ugonjwa wa kutibika kwa amri. Lakini kanuni za msingi hazichakai. Nafasi, saa, mtandao, umeme na faili nzima zitahitajika katika mfumo wowote utakaokuja. Aidha, maelezo yanayohitaji kuandikwa upya kila baada ya miaka michache huipa lugha mazoezi.

Mapendekezo

Kwa mintarafu ya hayo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, kozi za tafsiri na za uandishi wa kitaaluma ziyatambue maelezo ya kiufundi kuwa utanzu wenye hadhi. Mwanafunzi apewe hitilafu moja, aandike ukurasa mmoja wa Kiswahili sanifu, kisha ukurasa huo ukabidhiwe mtu asiye mtaalamu aliye mbele ya mashine. Kama mashine haikupona kwa sababu sentensi zilitatiza, kazi irudiwe. Ni insha chache mno zinazopata msahihishaji asiye na upendeleo kiasi hicho.

Pili, vyama vya Kiswahili vishirikiane na wanafunzi wa sayansi ya tarakilishi ili usahihi wa mambo na usahihi wa lugha visiachane. Kila maelezo yaonyeshe tarehe na toleo la mfumo ulioelezwa. Tatu, kurasa hizo zibandikwe panapohitajika: katika maabara, maktaba na ofisi za idara, si katika majarida peke yake.

Hitimisho

Lugha hupimwa kwa tenzi na riwaya zake, na pia hupimwa kwa msaada inaompa mzungumzaji wake aliyekwama usiku akiwa peke yake, mbele ya skrini yenye msimbo asioufahamu. Washairi wa Kiswahili waliifanya sehemu yao vizuri, na waundaji wa istilahi wakafuata. Zamu iliyobaki ni ya waandishi wa nathari nyofu, isiyotafuta sifa, inayomwambia mtu aanzie wapi na aishie wapi. Siku mwanafunzi atakapomwendea fundi akiwa na msimbo alioandika kwenye karatasi, akataja hatua iliyokwama na nakala ya akiba aliyokwisha kuiweka, tasnifu yake itakuwa salama. Na fundi, kwa mara ya kwanza, atakuwa na cha kumjibu zaidi ya kufomati.